Baba yake Desdemona: radhi iliyokosekana au chuki ya rangi?

Swali: "Mwalimu, ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na muhula huu tumesoma Othello. Darasa langu limegawanyika. Wengine wanasema Desdemona alikufa kwa sababu aliolewa bila radhi ya baba yake, na wanaongeza kwamba tamthilia yenyewe inathibitisha hivyo, maana baba alionya na onyo likatimia. Wengine wanasema baba yule alikuwa mbaguzi wa rangi tu, hastahili kusikilizwa hata kidogo. Mimi nashindwa kuamua, kwa kuwa Othello mwenyewe anasema mzee huyo alimpenda na alikuwa akimkaribisha nyumbani mara kwa mara. Mtu anampendaje mgeni, kisha akamkataa mgeni yuleyule anapokuwa mkwe?"

Jibu: Ndugu Mwalimu, naanza na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu fundo lenyewe liko hapo, na likifunguka, ugomvi wa wanafunzi wako utaonekana kwa sura nyingine.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajakisoma kisa hiki, nakumbusha kwa ufupi. Tamthilia hii ya William Shakespeare ilichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza katika jumba la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604, na ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1622, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki. Othello ni jemadari mweusi anayeitumikia dola ya Venice. Anaitwa Mmoor, jina ambalo Wazungu wa wakati ule waliwapa Waislamu wa Afrika Kaskazini na mara nyingi watu weusi kwa jumla, ingawa yeye ni Mkristo aliyebatizwa. Anamwoa kwa siri Desdemona, binti pekee wa Brabantio, mmoja wa maseneta wa mji huo. Iago, askari aliyekasirika kwa kunyimwa cheo, anaapa kumwangamiza, kwanza kwa kumwamsha baba wa binti usiku wa manane, na baadaye, wakiwa Cyprus, kwa kumtia Othello shaka juu ya mke wake hadi anamuua, naye akigundua ukweli anajiua.

Sasa tumtazame Brabantio usiku ule. Iago na Roderigo, kijana tajiri aliyemtaka Desdemona akakataliwa, wamesimama gizani chini ya dirisha lake wakipiga kelele za wizi. Waambie wanafunzi wako wahesabu ni mara ngapi jina la Othello linatajwa katika onyesho hilo. Halitajwi hata mara moja. Anaitwa Mmoor, anaitwa mwenye midomo minene, na baba anaambiwa kwamba wakati huohuo kondoo dume mzee mweusi anampanda kondoo wake jike mweupe. Jina lake tutalisikia kwa mara ya kwanza katika onyesho la tatu, kutoka kinywani mwa Mtawala wa Venice, ambaye usiku huo anamhitaji jemadari kwa sababu merikebu za Waturuki zinaelekea Cyprus. Ndoa hii basi inamfikia baba kwa njia mbaya kuliko zote: si kwa mshenga wala kwa barua, wala kwa binti mwenyewe kupiga magoti mbele yake. Inamfikia kwa matusi yanayowageuza mwanawe na mkwewe kuwa wanyama. Mzazi yeyote angetetemeka, na mimi sina haraka ya kumhukumu kwa sababu ya hofu hiyo.

Lakini angalia anachosema baada ya mshtuko wa kwanza. Anasema jambo hilo halitofautiani na ndoto aliyoiota. (Mistari yote ninayoinukuu hapa nimeitafsiri mwenyewe, na nimefuata maana zaidi ya mapigo ya ushairi.) Alikwisha kuliota! Iago hakupanda mbegu mpya katika moyo wa mzee huyu. Aligonga mlango ambao nyuma yake hofu ilikuwa imekaa muda mrefu ikingoja kuitwa. Kisha, ndani ya dakika chache, Brabantio anamgeukia Roderigo, kijana ambaye muda mfupi uliopita amemfokea na kumkumbusha kwamba binti yake si wa kuolewa naye, akamwambia: laiti ungempata wewe. Hapo ndipo mizani yake inapoonekana wazi. Roderigo hana sifa yoyote aliyoipata katika usiku huo, hajawa mwerevu wala mwaminifu zaidi, na amekuja na pombe kichwani kama alivyolaumiwa. Kilichompandisha thamani ghafla ni kwamba yeye si mweusi.

Turudi kwa mgeni na mkwe. Othello anaeleza mbele ya Baraza la Maseneta kwamba baba yake Desdemona alimpenda, alimwalika mara nyingi, na kila mara alimtaka asimulie maisha yake: vita, kuzingirwa kwa miji, ajali za baharini na nchi kavu, kutekwa na maadui na kuuzwa utumwani, kukombolewa, na safari za majangwa. Binti alikuwa akisikiliza kwa vipande, akiitwa na kazi za nyumba, anazimaliza upesi na kurudi. Sisi tunaojua maana ya baraza tunaweza kuielewa nyumba hiyo bila kufundishwa. Kuna mtu anayeketishwa barazani, akapewa kahawa na heshima zote, na masimulizi yake yakawa fahari ya mwenye nyumba mbele ya majirani. Na kuna mtu anayeingia ndani. Brabantio aliufurahia ugeni wa Othello kwa sababu ulikuwa ugeni. Umbali ndio uliokuwa utamu wake. Siku umbali huo ulipoondoka, zilezile sifa za mgeni zikageuka kuwa makosa.

Kuna neno moja linalonionyesha hili kuliko hotuba zake zote. Akielekea barazani kwa Mtawala, Brabantio anasema kwamba kama matendo ya namna hii yataachwa yapite, basi watumwa na wapagani ndio watakaokuwa watawala wetu. Jiulize neno "watumwa" amelitoa wapi. Othello ni mkuu wa majeshi, na katika onyesho hilohilo la pili, kabla mzee hajafika, amesema kwamba anatoka katika ukoo wa wafalme. Lakini aliwahi kutekwa na kuuzwa, na habari hiyo aliisimulia mwenyewe katika nyumba ya Brabantio, kwa kuombwa na Brabantio. Mwenye nyumba aliisikiliza hadithi ya mgeni wake kwa mshangao na mapenzi, akaihifadhi, na siku ya ugomvi akachomoa ndani yake neno moja la kumtukania. Ninaposoma mstari huo huwa nahisi uchungu zaidi kuliko ninaposoma yale ya kondoo, kwa sababu Iago hakuwahi kula na Othello kwa upendo, na huyu alikula naye.

Tusisahau pia kwamba hofu yake ina upande wa siasa. Wakuu wa Venice walikuwa tabaka lililofungwa. Kuanzia mwaka 1506 kuzaliwa kwa watoto wao kuliandikwa rasmi, na kuanzia mwaka 1526 ndoa zao pia, ili ijulikane bila shaka ni kijana yupi atakuwa na haki ya kuingia katika Baraza Kuu; na haki hiyo ilipita kwa baba, si kwa mama. Brabantio hana mtoto mwingine. Kwa macho ya mtu wa tabaka lake, ndoa hii ilikuwa mwisho wa nyumba yake katika utawala wa mji. Hii haiondoi ubaguzi wake. Inaonyesha tu jinsi rangi, dini, ukoo na urithi vilivyosokotwa kamba moja, kiasi kwamba yeye mwenyewe hajui anavuta uzi upi. Anapomkabili Othello njiani anauliza inawezekanaje msichana mzuri, mpole, aliyewakataa vijana matajiri na watanashati wa taifa lake, akimbilie kifua cheusi kama masizi cha kitu kama wewe. Anasema "kitu", na anasema hivyo kwa mtu aliyekuwa rafiki yake.

Kwa kuwa hawezi kuamini kwamba binti yake amependa kwa hiari, anabaki na maelezo moja tu, nayo ni uchawi. Mashtaka yake rasmi mbele ya Baraza ni kwamba Desdemona amelishwa dawa, kwa sababu, anasema, maumbile hayawezi kupotoka namna hii bila uchawi. Naomba uliweke alama neno hilo "maumbile kupotoka". Tutalikuta tena mahali pabaya sana.

Mtawala anataka ushahidi, Othello anasimulia jinsi mapenzi yalivyoanza kwa masimulizi, na Mtawala anakiri kwamba hadithi kama hiyo ingemteka hata binti yake mwenyewe. Wanafunzi wengi humpenda Mtawala hapo. Mimi nina shaka naye. Usiku huo hana jemadari mwingine wa kumpeleka Cyprus, na maneno yake ya kumfariji baba ni kwamba mkweo ana weupe mwingi kuliko weusi. Huo umekusudiwa kuwa sifa, lakini ndani yake weupe umebaki kuwa jina la wema na weusi jina la ubaya, kama vile Othello amesamehewa rangi yake kwa muda wa vita.

Ndipo anaitwa Desdemona. Naamini hotuba yake inastahili kusomwa darasani polepole, maana wanaosema alimdharau baba hawajaisikiliza. Anamwita baba yangu mtukufu. Anasema anaona wajibu wake umegawanyika. Kwake yeye anadaiwa uhai na malezi, na vyote viwili vimemfundisha kumheshimu. Mpaka sasa amekuwa binti yake. Lakini huyu hapa ni mume wangu, anaendelea, na utii uleule mama yangu aliokuonyesha wewe, akikutanguliza mbele ya baba yake, nami nadai niwe nao kwa Mmoor, bwana wangu. Hatumii lugha ya uasi hata kidogo. Anachukua mila ya baba yake mwenyewe, ile iliyompa yeye mke, na kumwonyesha kwamba ndiyo iliyomwondoa binti. Brabantio hana jibu. Anasema: Mungu awe nawe, nimemaliza, kisha anaongeza kwamba ni nafuu kulea mtoto wa kupanga kuliko kumzaa.

Halafu anamwozesha. Hivi ndivyo anavyosema kwa Othello: nakupa kwa moyo wangu wote kile ambacho, lau usingekuwa nacho tayari, ningekunyima kwa moyo wangu wote. Sijui tendo la kuozesha lenye ubaridi kuliko hili katika fasihi ninayoisoma. Maneno ya kutoa yapo, mkono upo, na radhi haipo.

Hapa nifike kwenye hoja ya kundi la kwanza la wanafunzi wako. Neno "radhi" kwetu lina uzito ambao Waingereza wa leo hawana neno la kuubeba, na wanafunzi wanaolitumia wameigusa tamthilia mahali penye maana. Sheria peke yake haikuwa kizuizi. Kanisa Katoliki, katika mtaguso wa Trento mwaka 1563, lilitaka ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi, lakini halikufanya ridhaa ya wazazi kuwa sharti la ndoa kuwa halali. Huko Uingereza, kanuni za kanisa za mwaka 1604, mwaka uleule tamthilia ilipochezwa Whitehall, ziliwataka walio chini ya miaka 21 wapate ridhaa ya wazazi, ingawa ndoa iliyofungwa bila hiyo haikuvunjika kwa sababu hiyo. Watazamaji walikuwa na mfano hai pia: mshairi John Donne alimwoa Anne More kwa siri mwishoni mwa mwaka 1601, baba mkwe akafanya Donne afukuzwe kazi na kutiwa gerezani, lakini mwaka 1602 ndoa ikathibitishwa kuwa halali, na miaka ilivyopita mzee akalainika. Hadithi ya Donne inanifaa kwa sababu moja. Baba alikasirika kwa haki au bila haki, lakini alikuwa hai, karibu, na mlango ukaja kufunguka.

Je, Shakespeare alitaka tuone kwamba Desdemona alikufa kwa kukosa radhi? Tunao ushahidi mzuri wa kujibu, kwa sababu kisa hiki hakukibuni yeye. Alikitoa katika hadithi ya Mwitaliano Giraldi Cinthio, iliyochapishwa mwaka 1565. Katika hadithi ile baba si mhusika; tunaambiwa tu kwamba jamaa za binti walijitahidi aolewe na mtu mwingine, na kwamba wawili hao waliishi Venice kwa amani kabla ya kwenda Cyprus. Lakini mambo yanapoharibika, binti yule anasema kwa kinywa chake kwamba anaogopa atakuwa onyo kwa wasichana wasiolewe kinyume na matakwa ya wazazi wao, na kwamba wanawake wa Italia watajifunza kwake wasiolewe na mtu ambaye maumbile na mwenendo wa maisha vimemtenga nao. Shakespeare alikuwa na sentensi hiyo tayari mkononi. Aliiacha. Desdemona wake hatamki jambo la namna hiyo hata anapolala akijua mume wake amegeuka. Badala yake Shakespeare alifanya kitu ambacho Cinthio hakukifanya: alimwumba baba, akamweka mbele ya macho yetu tendo zima la kwanza, akampa mistari miwili ya kuagia, na akamweka Iago pale pale aisikie.

Mistari yenyewe ni hii: mwangalie, Mmoor, kama una macho ya kuona; amemdanganya baba yake, na wewe anaweza kukudanganya. Othello anajibu kwamba anaweka uhai wake rehani kwa uaminifu wa mke wake. Wanafunzi wanaoona utabiri hapo wana jambo moja la kujibu: utabiri wa Brabantio haukutimia. Desdemona hakumsaliti mumewe kabisa. Kilichotimia si neno la baba bali matumizi ya neno hilo, na aliyelitumia ni Iago. Katika onyesho la tatu la tendo la tatu, akitafuta pa kupenyezea kisu, Iago analirudia karibu kama lilivyo: alimdanganya baba yake alipoolewa nawe. Othello anajibu kwa maneno machache, kwamba ndivyo alivyofanya. Basi, hapo ndipo laana inapofanya kazi, na inafanya kazi bila muujiza wowote, kama barua iliyoandikwa na mtu mmoja na kupelekwa na mwingine.

Inafuata sehemu ninayoomba uisome na darasa lako neno kwa neno. Othello, akijaribu bado kumtetea mke wake, anasema haamini kwamba Desdemona si mwaminifu, kisha anaanza sentensi nyingine: lakini hata hivyo, maumbile yanapopotoka kutoka katika asili yake... Hamalizi. Iago anamkatiza: naam, hapo ndipo penyewe, na anaanza kueleza kwamba mwanamke aliyekataa wachumba wa nchi yake, rangi yake na daraja yake lazima ana kasoro katika matamanio. Sikiliza ni sauti ya nani iliyotoka kinywani mwa Othello. "Maumbile kupotoka" ni maneno ya Brabantio mahakamani. Mashtaka ambayo Baraza la Venice lilikataa kuyakubali, mshtakiwa mwenyewe sasa anayatamka dhidi yake na dhidi ya mkewe. Muda mfupi baadaye anajieleza sababu za kuachwa: pengine kwa kuwa mimi ni mweusi. Katika tendo la kwanza aliwaambia watu waliochomoa panga wazirudishe alani, umande usije ukazitia kutu, na hakuna aliyemtisha. Dharau ya baba mkwe ilimpita kama upepo siku ilipotamkwa, na ikamkuta baadaye, mbali na mji, katika saa ya udhaifu.

Kwa hiyo nasema hivi kuhusu kukataa kwa Brabantio: madhara yake hayakutokana na kukosekana kwa baraka. Yalitokana na maana iliyokuwa ndani ya kukataa huko, kwamba mwanamke mweupe kumpenda mtu mweusi ni ugonjwa, na ugonjwa una tabia ya kurudi. Mtu anayeamini hivyo juu ya mkewe hahitaji ushahidi mkubwa. Leso moja ya mkewe, iliyoangukia mikononi mwa Iago akaifanya ushahidi, inatosha.

Kuna dhara la pili, nalo watu hulipita haraka. Baada ya hukumu, Othello anaomba mkewe apatiwe mahali pa kukaa wakati yeye yuko vitani, na Mtawala anapendekeza nyumbani kwa baba yake. Yanafuata majibu matatu mafupi. Brabantio anasema hataki iwe hivyo. Othello anasema wala mimi. Desdemona anasema wala mimi, kwa kuwa hataki kuwa mbele ya macho ya baba na kumchochea hasira. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi watatu wayasome majibu hayo wakiwa wamesimama, na msichana aliyesoma la Desdemona alinyamaza kidogo, kisha akauliza: sasa akigombana na mumewe atarudi wapi? Sikuwa nimewahi kuliona swali hilo hapo, na tangu siku hiyo naona tamthilia nzima inalitegemea. Kule Cyprus Desdemona hana mama, hana shangazi, hana somo wa kumnong'oneza neno, hana mzee wa kuitwa kusuluhisha. Anaye Emilia, ambaye ni mke wa Iago. Othello anapomtukana waziwazi katika tendo la nne, Desdemona anadhani labda anamshuku baba yake kwa barua ya kumrudisha Venice, na anamwambia: ikiwa wewe umempoteza, basi nami nimempoteza. Ndiyo mara pekee anayoonyesha jeraha hilo, na analionyesha ili kumfariji mwingine.

Je, yeye na Othello hawana kosa? Wanalo, na sitalificha. Mtu aliyekula katika nyumba ya mwenzake kwa miezi, akamchukua binti usiku bila neno, ameacha doa, na doa hilo ni la kweli. Iago anafaulu hasa kwa sababu maneno "alimdanganya baba yake" si uongo. Lakini siri hii ilizaliwa na nini? Kama posa ingepelekwa mchana kweupe, tunajua ingejibiwaje, kwa sababu tumemsikia mzee huyo akisema. Aliyeufunga mlango wa mbele hawezi kulalamika peke yake kwamba watu wamepitia uani.

Waambie pia wale wa kundi la kwanza kwamba usomaji wao una historia ndefu, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1693 mhakiki Mwingereza Thomas Rymer aliandika kwa kejeli kwamba funzo la tamthilia hii ni onyo kwa wasichana wa nyumba bora wasitoroke na watu weusi bila ridhaa ya wazazi. Mwaka 1836 John Quincy Adams, aliyekuwa Rais wa Marekani na ambaye katika Bunge alipambana na nguvu ya wenye watumwa, aliandika bila kejeli yoyote kwamba kuchanganya damu nyeusi na nyeupe katika ndoa ni kuvunja sheria ya maumbile. Neno ni lilelile, maumbile, miaka zaidi ya 230 baada ya Brabantio kulitamka jukwaani, na kwa mtu aliyeuchukia utumwa kwa dhati. Kisha tazama Johannesburg mwaka 1987, Janet Suzman alipoiongoza tamthilia hii katika ukumbi wa Market Theatre, John Kani akiwa Othello na Joanna Weinberg akiwa Desdemona. Sheria ya mwaka 1949 iliyokataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine ilikuwa imefutwa miaka 2 tu iliyotangulia. Kwa watu waliokaa katika viti vile, kumwona mwanamume mweusi akimbusu mke wake mweupe mbele ya hadhara halikuwa jambo la vitabuni.

Kwa kundi la pili nina neno moja tu: msimwondoe mzee upesi. Wasomaji wa Kiswahili wamezoea Venice ya Shakespeare tangu mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipotupa Mabepari wa Venisi, na humo nako yuko baba aliyetorokwa na binti usiku, na mwana wa mfalme wa Moroko anayeomba asichukiwe kwa rangi yake. Huko hatuoni huzuni ya baba ikimmaliza. Huku tunaambiwa. Katika onyesho la mwisho Gratiano, ndugu yake Brabantio, anaingia chumbani na kumkuta mtoto wa kaka yake amelala maiti kitandani, na anasema anafurahi kwamba baba yake amekwisha kufa, kwa sababu ndoa ile ilikuwa mauti kwake na majonzi peke yake yalikata uzi wa uzee wake. Alimpenda binti yake. Ubaguzi wake haukuwa kinyume cha mapenzi hayo. Vilikaa pamoja katika moyo mmoja, na ndiyo maana ni vigumu kumfundisha.

Ukipata muda wa kipindi kimoja zaidi, malizia na mistari ya mwisho kabisa, ambayo darasa kwa kawaida huwa limechoka kuisikiliza. Othello amekwisha kujichoma na kuanguka karibu na mkewe. Lodovico, jamaa wa familia, anatoa amri za kiserikali, na mojawapo anampa Gratiano: ilinde nyumba, na uzichukue mali za Mmoor, kwa kuwa wewe ndiye mrithi wake. Gratiano anamrithi Othello kwa njia moja tu, kwamba Othello alikuwa mume halali wa binti ya kaka yake. Undugu ambao Brabantio aliukana mbele ya Baraza zima, familia yake sasa inaukubali bila mjadala, chumbani mwa maiti, kwa ajili ya mali.